Kitufe Kilichohama: Kisa cha Saiba Moja Bondeni

Nakala 150 za programu ya mazishi zilikuwa zimeshakunjwa na kupigwa pini, zimepangwa ndani ya boksi la karatasi, wenyewe walipokuja kuzichukua Alhamisi jioni. Mmoja wao, mama wa makamo aliyejitupia leso begani, akaichukua ya juu na kufungua ukurasa wa familia. Akasoma. Akarudia kusoma. Kisha akaiweka kaunta polepole na kusema, "Watoto wa nyumba ya pili hawamo."

Walikuwamo. Mama aliyeichapa alikuwa amewaongeza Jumatano, wote wanne pamoja na mama yao, kwa maelekezo ya familia hiyohiyo. Faili lenye majina yao lilikuwa wazi kwenye kompyuta. Lililoprintiwa ni jirani yake, rasimu ya Jumanne.

Nakuru hapa, na sidhani kwingine ni tofauti, karatasi ya mazishi ikiruka nyumba moja hilo si kosa la tahajia. Watu hukaa kikao kwa ajili yake.

Mimi ndiye fundi wa saiba hiyo, duka la huduma za kompyuta na intaneti, na Jumamosi iliyotangulia ndipo nilipozihamisha kompyuta kutoka Windows 10 hadi Windows 11. Siku ile lawama yote ilimwangukia Mama. Nasema Mama tu kwa sababu ndivyo anavyoitwa na kila mtu pale, bosi akiwemo. Ilinichukua muda kukubali kwamba nyingi ya lawama hizo ni zangu, na ndiyo sababu nimeona nikieleze kisa chote.

Mwenye mikono

Saiba yenyewe ni ndogo: kompyuta sita, printa mbili, mashine ya fotokopi na benchi. Kazi ni zile za kila saiba. Huduma za serikali za eCitizen, returns za kodi za KRA ambazo kila Juni hutufanya tusilale, cheti cha tabia njema, usajili wa bima ya afya ya SHA, CV. Lakini kinacholeta wateja wa kudumu ni uchapaji wa Mama. Walimu humletea mitihani iliyoandikwa kwa mkono, familia humletea historia ya marehemu kwenye karatasi zilizokunjwakunjwa, na hakuna anayerudishiwa kazi yenye makosa.

Alisomea uhazili enzi za taipureta, wakati mwalimu alifunika vitufe kwa kitambaa ili macho yasizoee kuchungulia. Mpaka leo hatazami kibodi. Anatazama karatasi ya mteja, na vidole vinajua njia. Baada ya taipureta akapitia zile skrini nyeusi zenye maandishi meupe, kisha Windows 95, XP, 7, 10. Windows 8 hakuiona kwa kuwa saiba iliiruka, na sidhani alikosa kitu. Nataja orodha hii kwa makusudi. Mtu aliyehama mara zote hizo huwezi kuja kuniambia kwamba tatizo lake ni kuogopa mashine mpya.

Usiku wa Jumamosi

Sababu ya kuhama ilikuwa ya kweli. Microsoft walikuwa wametangaza kwamba marekebisho ya bure ya usalama kwa Windows 10 yangekoma tarehe 14 Oktoba 2025. Saiba ni mahali ambapo watu wasiojuana huchomeka flashi kwenye mashine moja na kuandika nywila zao za KRA, kwa hiyo hapo si pa kubahatisha. Bosi aliniita mwanzoni mwa mwezi huo, akaniambia, "Fundi, maliza hiyo kazi wikendi."

Kati ya sita, tatu zilifaa. Windows 11 inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0, na kwa prosesa za Intel huanzia hasa kizazi cha 8. Zile tatu nyingine ni mitumba ya Uingereza ya kizazi cha 4, zikabaki na Windows 10. Wakati ule nililiona hilo kama jambo la bajeti tu.

Nilianza saibani ilipofungwa. Diski ni ndogo, kwa hiyo nilipomaliza nikafuta ile folda inayobaki na Windows ya zamani, nipate nafasi. Folda hiyo ndiyo inayokuruhusu kurudi ulikotoka ndani ya siku 10 ukiona mambo hayaendi. Nilijua. Wahenga walishaonya juu ya kuacha mbachao kwa msala upitao, na mimi mbachao niliutia moto kabisa, saa sita usiku, kisha nikapanda bodaboda nikaenda kulala.

Jumatatu asubuhi bosi akanipigia: Mama anasema kompyuta imeharibika. Nikacheka. Nikamtumia Mama kwenye simu video ya kuonyesha mapya ya Windows 11. Kijana kwenye video alieleza kwa furaha jinsi pembe za madirisha zilivyoviringwa na rangi zilivyotulia. Hakuna hata dakika moja iliyomhusu mtu mwenye mitihani ya darasa la sita ya kuchapa kabla ya saa saba. Hayo ndiyo mafunzo yote niliyotoa.

Niliyoyaona nilipokaa nyuma yake

Alhamisi usiku tulirudia nakala zote 150. Familia iliondoka saa nne, bila kelele, jambo ambalo liliniuma kuliko kelele zenyewe. Bosi alitaka kumkata Mama pesa za karatasi na wino. Nikamwomba asubiri, na Ijumaa nikaenda kukaa kwenye kiti nyuma ya Mama, bila kugusa chochote.

Tazama kitendo kimoja tu. Anataka kufungua programu. Mkono wa kulia unaachia kibodi, unashika mausi na, macho yakiwa bado kwenye karatasi ya mwalimu, unairusha kushoto chini. Mshale unagonga pembe ya skrini na kusimama. Anabofya. Kwa miaka mingi pale palikuwa na kitufe cha Start. Sasa pale pana hali ya hewa, na ukigusa tu, kibao cha habari kinatoka upande wa kushoto na kufunika sehemu kubwa ya skrini: mpira, mapishi, nani kaachana na nani. Mama anainua macho. Anakifunga. Anatafuta pale alipokuwa kwenye karatasi. Dakika chache baadaye mkono unaenda tena palepale, na kibao kinatoka tena, na namsikia akisema "samahani", sijui anamwambia nani.

Kitufe hicho kiliwekwa kwenye pembe ile na Windows 95, Agosti 1995. Windows 8 ilipokiondoa mwaka 2012 watu walilalamika, na mwaka uliofuata Windows 8.1 ikakirudisha. Windows 11 ilipotoka Oktoba 2021 haikukiondoa, ilikisogeza katikati. Ukilitazama kwa macho ni jambo dogo. Kwa mkono ni kubwa mno, na hilo lina maelezo. Mwaka 1954 mwanasaikolojia wa Marekani, Paul Fitts, alionyesha kwamba muda wa mkono kufikia kitu hutegemea umbali wake na upana wake. Sasa pembe ya skrini, ukiipima hivyo, haina mwisho wa upana, kwa sababu mshale hauwezi kuipita. Rusha mausi kwa nguvu unayotaka, utafika. Ni kama kutupa mpira kwenye kona ya chumba. Kitufe cha katikati hakina ukuta wa pembeni wa kukushikia mshale, lazima ulenge, na kulenga ni kazi ya macho. Mama macho yake yana kazi nyingine.

Kuna jambo ambalo mimi mwenyewe sikuwa nimeliona, na ninatumia Windows 11 kila siku. Alama zikiwa katikati, kila programu unayofungua huongeza urefu wa ule mstari, na mstari ukirefuka kitufe cha Start kinasukumwa kushoto. Fungua Word, kinasogea. Fungua kivinjari, kinasogea tena. Kwa hiyo hata mkono ukikubali kujifunza mahali papya, hapo mahali hapatulii.

Na baada ya chai Mama anahamia kompyuta ya tatu, kwa kuwa ndiyo iliyoungwa na printa ya rangi. Ile ni ya Windows 10, kitufe kiko penye pembe. Hapo ndipo "jambo la bajeti" lilipogeuka. Angekuwa na mashine za aina moja tu, nadhani wiki ingetosha. Lakini mkono wake ulikuwa unafundishwa somo moja asubuhi na kufutiwa mchana.

Rasimu na la mwisho

Sasa ile programu ya mazishi. Miaka iliyopita nilikuwa nimemwekea Mama mpangilio ambapo kila faili lililofunguliwa linapata kitufe chake chenye jina kwenye ukanda wa chini. Windows 11 ilipotoka haikuwa na mpangilio huo. Ulirudishwa kwa masasisho ya mwaka 2023. Maana yake ni kwamba Oktoba 2025 ulikuwapo, nilichohitaji ni kuuwasha, na sikuuwasha.

Matokeo yake mafaili yote ya Word yakajikusanya chini ya alama moja ya W. Ukisogeza mshale juu yake unaona vipicha vya mafaili. Rasimu na lile la mwisho yote mawili yana picha ya marehemu juu, kofia na fimbo. Majina ya mafaili yote mawili yanaanza na "Programu ya Mazishi ya Marehemu Mzee", na neno la kutofautisha liko mwishoni kabisa, mahali ambapo jina limeshakatwa na kubaki vidoti.

Nikamuuliza, "Mama, zamani ulikuwa unayatofautishaje, na majina yanafanana hivi?"

Akafikiri. "La kushoto ni rasimu, la kulia ni la mwisho. Naona lililowaka."

Hiyo ndiyo siri yote. Hakuwa anasoma majina. Alikuwa anaona kwa pembe ya jicho ni kitufe kipi kimewaka, na hilo lilikuwa linamtosha kwa miaka. Sasa ukanda ule haukumwambia kitu, skrini ilimwonyesha picha ileile ya mzee na fimbo yake, akabonyeza Ctrl na P, akaweka 150. Unaweza kusema angepaswa kufunga rasimu kwanza, au kuyapa mafaili majina ya maana. Ni kweli, na sasa anafanya hivyo. Ila kumbuka kwamba utaratibu wake haukuwahi kumwangusha hadi mtu alipouondoa usiku bila kumwambia.

Lalamiko moja halikuwa na uhusiano wowote na sura mpya. "Mafaili yangu yamepotea," alisema Jumanne, na kila mtu akaitupia Windows 11. Nilipochunguza nikakuta ni mimi: wakati wa kuweka mashine niliulizwa kama nahitaji folda za mezani zihifadhiwe mtandaoni, nikabofya ndiyo kwa haraka, na folda zikahamia njia nyingine. Mafaili yalikuwapo, njia za mkato za zamani ndizo zilizokuwa zinaelekeza patupu. Nusu saa nikayarudisha. Nalitaja kwa sababu mashine ikibadilika sura, kila kitu kinachoharibika wiki hiyo husukumiwa sura.

"Mathe, wacha nikusaidie"

Kulikuwa na kijana wa atachi pale, yaani wa mafunzo kazini, mwanafunzi mwenye adabu na mwepesi wa mikono. Kila Mama alipokwama alisema, "Mathe, wacha nikusaidie," akachukua mausi, tap tap, tayari. Mama alikuwa haoni chochote isipokuwa mkono unaoruka. Kufikia Ijumaa nilimwona akianza kumwita kijana kabla hata hajajaribu, mtu aliyemfundisha bosi mwenyewe kutumia Word. Nilipomuuliza kama amechoka akanijibu bila kunitazama, "Mwanangu, nimekuwa mgeni kwenye meza yangu."

Na pale saibani maelezo yalikuwa tayari, ya aina inayosemwa kwa upole: umri. Mama amechoka, teknolojia ni ya vijana. Ubaya wa maelezo hayo ni kwamba yanamfanya kila mtu mwingine asiwe na kazi. Bosi hana la kufanya, fundi hana la kufanya. Kijana anaendelea kuchukua mausi.

Kijana huyo ndiye aliyependekeza pia tubadilishe lugha iwe Kiswahili, maana Mama ni mtu wa mtaa huu wa Bondeni, Kiswahili chake kimenyooka. Mama alikataa kata kata. "Nilichokijua kimehamishwa mahali, sasa mnataka mkibadilishe na jina?" Nilicheka, lakini alikuwa sahihi. Pendekezo lake la pili, kuweka programu ya pembeni inayoirudisha sura ya zamani yote, nililikataa mimi. Programu za namna hiyo hujipenyeza ndani ya mfumo, na sasisho moja likipita huenda ukaamka huna ukanda kabisa. Sikutaka Jumamosi nyingine.

Kilichofanya kazi

Mipangilio kwanza, na haikuchukua dakika kumi: alama zote kushoto, kila faili na kitufe chake chenye jina, hali ya hewa imezimwa. Pembe ikarudi kuwa pembe, kwenye mashine zote sita.

Ilibaki menyu ya kubofya kulia, nayo haina mpangilio rahisi wa kuirudisha. Kukopi, kukata na kubadilisha jina sasa viko kwenye safu ya alama ndogo, ambayo mara huwa juu ya menyu na mara chini, kutegemea ulipobofya. Nilikuwa nimeanza kumwonyesha alama hizo moja moja, huku nikimwona anachoka, nilipomtazama vidole.

"Mama, ndani ya Word unakopi vipi?"

Mkono wa kushoto ukaenda Ctrl na C kabla hajanijibu.

"Fanya hivyohivyo hapa."

"Kwenye folda?"

"Kwenye folda."

Akabonyeza. Akafungua flashi ya mwalimu, akabonyeza Ctrl na V, faili likatua. Akalitazama. Nikamwambia abonyeze F2, jina likawa tayari kuandikwa. "Kumbe," akasema, na akakaa kimya kidogo, halafu akalifuta jina refu na kuandika MWISHO mwanzoni.

Hapo ndipo nilipojiona mjinga. Wiki nzima tulikuwa tunamfundisha mausi mtu wa kibodi. Windows imebadilisha sura mara nyingi, lakini Ctrl na C, Ctrl na V, Alt na Tab, F2, hizo zimekaa palepale tangu enzi za Windows 95, na hufanya kazi sawa kwenye 10 na kwenye 11. Nikamwonyesha moja ya mwisho: bonyeza kitufe cha Windows kwenye kibodi, andika herufi mbili tatu za programu unayoitaka, Enter. Hakuna kulenga, hakuna kutafuta. Kwa mtu aliyejifunza chini ya kitambaa, kuandika "wo" ni haraka kuliko kutazama.

Aliandika karatasi yake mwenyewe ya vitufe vinane, akaigandisha kwa selotepu kando ya skrini. Baada ya wiki mbili niliikuta imefunikwa na kalenda ya duka la dawa. Kijana wa atachi sasa ndiye anayemuuliza.

Pesa za karatasi tuligawana mimi na bosi. Zile kompyuta tatu za zamani bado zipo. Microsoft huuzia biashara mwaka wa kwanza wa marekebisho ya ziada kwa dola 61 kila mashine. Bosi alipiga hesabu akaona hizo ni pesa za kuanzia kununua nyingine, kwa hiyo tumeziacha kwa uchapaji tu, na hakuna mteja anayeingia eCitizen wala KRA hapo. Zitabadilishwa moja moja, siku za kazi, nikiwapo, na ile ya printa ya rangi itakuwa ya mwisho.

Mwezi uliofuata Mama alinipigia simu. Nikajua kuna jambo limeharibika tena.

"Mwanangu, ile hali ya hewa uliipeleka wapi? Ilikuwa inaniambia mvua kabla sijaanika nguo."

Nikaenda nikamrudishia.